Diski imegoma? Usikubali kufomati!

Picha zote za harusi ya dada yako zimo kwenye diski ya nje. Unaichomeka kwenye kompyuta, kimya! Au Windows inakwambia uifomati kwanza. Thubutu! Ukikubali, kuzipata tena ni shughuli.

Anza na waya, halafu badili tundu; hizi nyaya za bei chee zinatuumbua sana. Bado? Fungua Disk Management, huenda diski imekosa herufi tu. Au ilitengenezwa kwenye Mac ya jamaa: mafaili yamo, ila Windows haisomi mpangilio wa APFS. Irudishe kwa mwenye Mac, uyahamishie huko.

Lakini ukisikia inagonga ta! ta! ta!, chomoa hapo hapo. Huenda kichwa cha kusomea kimekufa, na kila ukiiwasha kinaweza kukwangua sahani zilizobeba picha. Mpelekee fundi anayeokoa data, siyo yule wa simu pale kona.