Makutupora na Mvua ya "Wastani"

Oktoba inapoelekea ukingoni, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutangaza utabiri wa mvua za Msimu, yaani zile zinazonyesha kuanzia Novemba hadi Aprili katika mikoa isiyo na vuli wala masika. Dodoma imo. Redio huitaja mikoa mmoja baada ya mwingine na kila mmoja hupewa hukumu yake: wastani, juu ya wastani, chini ya wastani, au mseto kama "wastani hadi chini ya wastani". Kwa aliyeko shambani, maneno hayo machache ndiyo utabiri wenyewe. Ramani, majedwali na ushauri wa sekta moja moja humfikia nusunusu, au havimfikii kabisa.

Wastani huo una mipaka mipana kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kipimo cha TMA, mvua ni ya wastani ikiangukia kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango cha muda mrefu cha eneo husika. Mji wa Dodoma hupata milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote ndani ya msimu huo mmoja. Basi msimu wa milimita 430 ni wa wastani, na wa milimita 710 nao ni wa wastani. Katika ule wa kwanza mahindi yanaweza kukauka yakiwa na mbelewele. Katika wa pili makorongo hufurika na njia za vumbi kukatika. Utabiri utakuwa umetimia katika misimu yote miwili.

Makutupora ni mahali pazuri pa kuona jinsi tangazo moja linavyopokelewa kwa masikio tofauti. Inayozungumziwa hapa ni Makutupora ya kaskazini mwa jiji la Dodoma, si ile ya wilayani Manyoni ambayo reli ya kisasa imelitangaza jina lake. Hapa kuna kituo cha utafiti wa zabibu cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kuna mashamba ya uwele, mtama na alizeti, na upande wa Mzakwe vipo visima ambavyo kwa miongo mingi vimekuwa tegemeo la maji la Dodoma.

Mkulima wa uwele hajali sana jumla ya milimita. Anachotaka kujua ni mvua ya kupandia itashuka lini, na kama itakata Februari mazao yakiwa machanga. Mwenye zabibu ana hofu nyingine. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mvuno wa Machi huivia katikati ya mvua. Unyevu ukizidi, ubwiri huingia kwenye vichala na dawa ya ukungu humaliza faida. Huyu akisikia "juu ya wastani" hukunja uso.

Visima, kinyume chake, vinaingoja mvua hiyo hiyo. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti ulioongozwa na Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha London, UCL, uliotumia kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji chini ya ardhi ya Makutupora. Kumbukumbu ndefu namna hiyo ni adimu katika nchi kame za tropiki. Zilionyesha kuwa katika misimu ya kawaida maji ya ardhini hushuka taratibu mwaka hadi mwaka, kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida na kuyapandisha tena. Mara nyingi misimu hiyo hufungamana na El Nino au na joto la magharibi mwa Bahari ya Hindi, na mvua za 1997/98 ndizo zilizoacha alama kubwa kuliko zote. Mvua zile zile zilizovunja madaraja Afrika Mashariki nzima ndizo zilizojaza akiba ya chini, akiba ambayo wakazi wa Dodoma waliendelea kuinywa miaka mingi baadaye.

Utabiri wenyewe huanza na kazi isiyo na mbwembwe. Saa 9 usiku, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku kwa saa za Tanzania, vituo vikuu vya hali ya hewa duniani kote husoma vipimo vyao kwa wakati mmoja: joto, mgandamizo wa hewa, unyevu, upepo, mawingu. Takwimu hizo hubadilishanwa kati ya nchi na nchi chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, zikachanganywa na za setilaiti, ndege na meli, kisha kompyuta kubwa hukokotoa hewa itakavyosogea. Kituo cha Ulaya cha utabiri hakikokotoi mara moja tu. Hurudia hesabu mara 51, kwa kubadilisha kidogo hali ya kuanzia, ili kuona majibu yanafanana au yanatawanyika. Yakitawanyika, mtabiri mwaminifu hana budi kupunguza sauti.

Utabiri wa msimu huegemea zaidi bahari, kwa kuwa joto la maji hubadilika polepole kuliko la hewa. Wataalamu wa TMA hukutana na wenzao wa nchi jirani katika majukwaa yanayoratibiwa na ICPAC, kituo cha hali ya hewa kilichoko Kenya cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, halafu kila nchi huchambua kwa ajili ya maeneo yake. Hata baada ya uchambuzi wote huo, kinachopatikana ni uwezekano kwa eneo pana. Mvua ya Dodoma hutoka sana kwenye mawingu ya ngurumo yanayojijenga alasiri, mengine yakiwa na upana wa kilomita chache tu. Wingu linaweza kumimina Hombolo jirani na kuiacha Makutupora na vumbi lake. Tena kimbunga kikiwa katika Mlango-bahari wa Msumbiji, mamia ya kilomita kutoka hapa, kinaweza kuuvuta unyevu upande wake na kuiacha kanda ya kati kavu kwa siku kadhaa.

Bila kumbukumbu hakuna wastani wa kulinganisha, na nyanda hizi zililionja hilo mapema. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947, walifyeka pori bila kuwa na rekodi za kutosha za mvua ya mahali pale. Ukame na udongo uliokauka kama saruji viliwaumbua. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimeteketea. Wagogo wenyeji walikuwa na mifugo na uwele kwa sababu zao.

Maarifa ya wenyeji hayajadharauliwa na wanasayansi wote. Ladislaus Chang'a, ambaye baadaye alikuja kuiongoza TMA, aliongoza utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu dalili za mvua katika wilaya za Rungwe na Kilolo: miti inayotoa maua mapema, mienendo ya ndege na wadudu. Dalili hizo zina faida moja ambayo redio haina, nayo ni kwamba zinasomwa shambani kwa mtu mwenyewe. Lakini mazingira yakibadilika na miti ikakatwa, msomaji hubaki hana kitabu.

Utabiri ukishatoka, hupungua uzito njiani. "Kuna uwezekano mkubwa" hugeuka "wamesema itanyesha", na isiponyesha watabiri huitwa waongo. Wanasiasa nao huchangia. Oktoba 2023 Rais William Ruto wa Kenya aliwaambia wananchi kuwa El Nino iliyotangazwa haitakuja kama ilivyohofiwa. Mwezi uliofuata mafuriko yalianza kuua, na waliokufa walizidi 100.

Huku Tanzania, TMA hufuatilia utabiri wa msimu kwa taarifa za mwezi, za siku kumi na za saa 24, pamoja na ngazi tatu za onyo: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kwa mkulima wa Makutupora taarifa ya siku kumi ina manufaa kuliko hukumu ya Oktoba, kwa kuwa ndiyo inayomsaidia kuamua kama mvua ya kwanza ni ya kupandia au ni ya kumdanganya. Tatizo ni kwamba tangazo la Oktoba hupewa kurasa za mbele, ilhali hii ya siku kumi mara nyingi humfikia pale tu bwana shamba anapokuwa na salio la kuituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji.