Udalali wa vyombo vya bahari kisiwani Mafia

Udalali wa vyombo vya bahari kisiwani Mafia ni kazi ya kumtafutia mwenye jahazi, mashua, dau, ngalawa au boti mtu wa kukinunua chombo chake, kwa ujira unaolipwa biashara inapokamilika. Afanyaye kazi hiyo huitwa dalali. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na katika pwani ya Afrika Mashariki hutumika pia kwa watu wanaosimamia mauzo ya nyumba, viwanja, mifugo na samaki.

Kwa familia ya wavuvi, chombo mara nyingi ndiyo mali kubwa kuliko zote baada ya nyumba na shamba la minazi. Huuzwa mara chache, na pengine wakati wa shida: mwenyewe amezeeka, amefariki, au anahitaji fedha za matibabu au ada ya shule. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa dalali una uzito. Anayetaja bei kubwa kuliko wenzake si lazima awe dalali bora. Jambo la kwanza kuangaliwa ni kama ujira wake unajulikana tangu mwanzo, anamtumikia nani, na hesabu yake inaonekana na pande zote.

Mazingira

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, Tanzania. Imeundwa na kisiwa kikuu pamoja na visiwa vidogo vinavyokaliwa kama Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu, na iko mbele ya delta ya mto Rufiji. Mji mkuu ni Kilindoni, uliopo pwani ya magharibi. Wajerumani walihamishia huko makao ya utawala kutoka Chole mwaka 1913, kwa kuwa nanga yake ilifaa zaidi kwa meli. Mafundi wa Jibondo na Chole wanajulikana kwa ujenzi wa vyombo vya mbao, na mikoko ya Rufiji imekuwa chanzo cha miti ya mataruma kwa miaka mingi.

Vyombo vinavyouzwa ni vya aina nyingi. Ngalawa na mtumbwi hutumiwa kwa uvuvi wa karibu. Dau na mashua huenda mbali zaidi, kwa tanga au kwa mashine. Jahazi hubeba mizigo kama nazi, samaki wakavu na vifaa vya ujenzi. Siku hizi kuna pia boti za faiba, hasa kwa abiria na kwa watalii wanaokwenda kumtazama papa potwe katika ghuba ya Kilindoni. Wanunuzi hutoka kisiwani kwenyewe, na pia Rufiji, Kilwa, Dar es Salaam na Zanzibar. Mwenye chombo wa Jibondo hawezi kuwajua wote hao, na hapo ndipo dalali anapopata kazi.

Aina za madalali

Neno "dalali" hutumika kwa watu wa kazi tofauti, na kuwachanganya huleta hasara.

Dalali wa mnada huuza hadharani kwa anayetoa bei ya juu. Nchini Tanzania kazi hiyo huhitaji leseni. Mnada hutumika zaidi pale chombo kinapouzwa kwa amri ya mahakama au kwa ajili ya deni.

Dalali wa kukutanisha hamiliki chombo wala hakinunui. Humtafuta mnunuzi, humwonyesha chombo, husaidia mapatano ya bei, kisha hupokea ujira wake. Huyu ndiye anayekusudiwa zaidi katika makala hii. Mara nyingi ana kazi nyingine pia: nahodha aliyestaafu, fundi wa vyombo, au mfanyabiashara wa samaki anayesafiri kati ya kisiwa na bara.

Mchuuzi wa vyombo hununua kwa fedha zake na kuuza tena kwa faida. Si dalali, hata kama anaitwa hivyo. Biashara yake ni halali, lakini maslahi yake ni kununua kwa bei ya chini. Muuzaji anayemwomba ushauri wa bei anamwuliza mnunuzi wake.

Ujira na "cha juu"

Ujira wa dalali wa kukutanisha hutokana na makubaliano, nao hupangwa kwa njia tatu: asilimia ya bei, kiasi maalumu, au "cha juu".

Katika njia ya cha juu, mwenye chombo hutaja kiasi anachotaka kupokea mkononi, na dalali huchukua chochote atakachopata zaidi ya hapo. Muuzaji mwenye haraka huipenda, kwa sababu inaonekana kana kwamba hailipi chochote. Mfano wa hesabu unaonyesha hali ilivyo. Mwenye mashua anasema anataka shilingi 6,000,000. Dalali anaiuza kwa 8,000,000. Kwa cha juu, dalali anapata 2,000,000, yaani robo ya bei, na mwenye mashua 6,000,000. Kama wangekubaliana asilimia 10, dalali angepata 800,000 na mwenye mashua 7,200,000.

Tofauti hiyo hutokana na muuzaji kutojua bei ya soko. Dalali wa cha juu hunufaika kadiri mwenye chombo anavyotaja kiasi kidogo, hivyo hana sababu ya kumwambia kuwa chombo chake kina thamani zaidi. Pia hulazimika kuwatenga muuzaji na mnunuzi ili bei mbili zisikutane. Dalali anayekataa watu hao wawili wakae pamoja wakati wa kulipana huenda ana bei mbili mkononi.

Jambo lingine ni kuchukua ujira pande zote mbili. Baadhi ya madalali hulipwa na muuzaji na pia na mnunuzi. Pande zote zikijua na kuridhia, hakuna udanganyifu. Likifanyika kwa siri, dalali anakuwa amelipwa na mnunuzi ili ashushe bei, na amelipwa na muuzaji ili aipandishe.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania (Sura ya 345) humhesabu mtu anayefanya biashara kwa niaba ya mwingine kuwa wakala wake. Wakala hutakiwa kutoa hesabu kwa aliyemtuma na kumkabidhi fedha alizopokea kwa ajili yake. Akikinunua chombo mwenyewe kwa kificho, kwa mfano kwa jina la ndugu yake, aliyemtuma anaweza kuukataa uuzaji huo.

Mambo ya kuangalia katika kumchagua dalali

Muuzaji makini huuliza kwanza dalali ameuza vyombo gani, na kwa nani. Kisiwani watu wanajuana, hivyo si vigumu kumpata mtu aliyeuza kupitia kwake na kumwuliza mambo matatu: alipokea kiasi gani, mnunuzi alilipa kiasi gani, na fedha zilichukua muda gani kufika. Majibu ya mbili za kwanza yakipishana kuliko ujira uliokubaliwa, sifa ya dalali imeonekana.

La pili ni kufahamu vyombo. Aliyezoea viwanja au pikipiki anaweza kuwa mwaminifu na bado akashindwa kujibu maswali ya nahodha anayetaka kujua umri wa mkuku, aina ya mbao au saa za kazi za mashine. Wanunuzi nao hutofautiana: anayewajua wavuvi wa dagaa wa Kilwa huenda hamjui mwenye hoteli anayetafuta boti ya watalii.

La tatu ni bei anayoitaja. Dalali anayetaka kupewa kazi anaweza kutaja bei kubwa mno, kisha baada ya miezi miwili akaanza kumshawishi mwenye chombo aishushe. Chombo cha mbao kilichokaa bila kazi hakibaki kama kilivyo: mbao hukauka na kuachana, kalafati hulegea, na kikiwa majini minyoo ya bahari hutoboa. Kusubiri bei isiyokuwepo ni gharama. Inafaa kuwauliza mafundi wawili au zaidi gharama ya kujenga chombo kama hicho leo, kisha kupunguza uchakavu.

La nne ni kama dalali anadai kuwa peke yake. Akipewa chombo peke yake hufanya bidii zaidi, lakini muda lazima uwe na mwisho. Wakipewa wengi bila mpangilio, kila mmoja hutangaza bei yake, na mnunuzi hungoja ya chini.

Makubaliano huandikwa kabla ya chombo kuonyeshwa kwa mtu yeyote. Huhitaji ukurasa mmoja tu: jina na namba ya chombo, vifaa vinavyouzwa pamoja nacho, bei ya chini inayokubalika, ujira na nani anaulipa, muda wa makubaliano, na sahihi za pande mbili na mashahidi. Bila orodha ya vifaa, magomvi huanzia kwenye mashine, tanga, nanga na nyavu, ambavyo pengine vina thamani kuliko chombo chenyewe.

Ukaguzi

Dalali mwaminifu hamzuii mnunuzi kukagua. Kwa chombo cha mbao wakati mzuri ni bamvua, maji yanapokupwa sana na chombo kukaa juu ya mchanga, kwa kuwa sehemu ya chini huonekana. Fundi hugonga mbao kwa nyundo kusikiliza zilizooza, hutazama mkuku na mataruma, na hukagua kalafati kati ya mbao. Chombo kilichopakwa rangi upya siku chache kabla ya kuuzwa hukaguliwa kwa makini zaidi. Baada ya hapo mashine huwashwa na chombo hupelekwa majini. Kasoro inayojulikana ikitajwa mapema hupunguza bei kidogo, lakini ikifichwa inaweza kuvunja biashara nzima, au kugharimu maisha ya watakaosafiri nacho.

Hati na usajili

Dalali anapaswa kuziona hati kabla ya kutafuta mnunuzi. Chombo cha uvuvi Tanzania Bara husajiliwa na kupewa leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na kwa Mafia mambo hayo huanzia ofisi ya uvuvi ya halmashauri ya wilaya. Usalama wa vyombo vya abiria na mizigo husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Chombo kinachohamia Zanzibar huingia chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar.

Sehemu kubwa ya bahari ya kusini na mashariki mwa kisiwa imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Uvuvi ndani ya hifadhi una masharti yake, na mnunuzi kutoka nje hapaswi kudhani kuwa kwa kununua chombo cha mwenyeji amenunua pia ruhusa ya mwenyeji. Dalali anayeahidi hivyo anauza kitu ambacho si chake.

Chombo cha wabia na cha mirathi

Si kila anayekishika chombo ni mwenyewe. Nahodha huenda na chombo kila siku, lakini mmiliki anaweza kuwa mtu wa Kilindoni au Dar es Salaam. Vyombo vingine humilikiwa kwa ubia, mmoja akiwa ametoa chombo na mwingine mashine. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 214), kwa kawaida anayenunua kwa asiye mmiliki na asiye na idhini yake hapati haki kubwa kuliko ya aliyemwuzia.

Mwenye chombo akifariki, idhini aliyompa dalali hukoma. Dalali hawezi kuendelea kuuza kwa maneno ya marehemu, wala kwa maagizo ya mtoto mmoja kati ya warithi. Anayestahili kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na fedha hugawanywa kwa warithi wote. Mjane na watoto wadogo ndio wanaoathirika zaidi utaratibu huu usipofuatwa, kwa kuwa chombo kinaweza kuvuka kwenda bara kabla hawajajua bei yake.

Malipo na makabidhiano

Njia salama ni mnunuzi kumlipa mwenye chombo moja kwa moja, kwa benki au kwa simu, mbele ya mashahidi, kisha mwenye chombo kumlipa dalali ujira wake. Arubuni huandikiwa hati inayotaja salio, tarehe ya mwisho, na nini kitatokea mnunuzi akirudi nyuma. Chombo hakiondoki bandarini kabla salio halijalipwa, kwa sababu mdaiwa aliyekwisha kutweka tanga ni vigumu kumfuata. Mwishowe mabadiliko ya umiliki huandikishwa katika ofisi husika. Bila hatua hiyo, chombo kikikamatwa katika uvuvi haramu au kikipata ajali, jina la kwanza kutafutwa ni la mwenyewe wa zamani.

Katika nchi nyingine

Tatizo la kumwamini dalali liko pia kwingine. Nchini Uingereza boti nyembamba za mifereji, zenye upana wa takriban mita 2, huuzwa sana kupitia madalali wanaolipwa kwa asilimia. Nchini Marekani majimbo ya Florida na California huwataka madalali wa boti wawe na leseni. Kisiwani Mafia kinga kubwa ya muuzaji bado ni karatasi iliyotiwa sahihi, mashahidi, na kukutana na mnunuzi uso kwa uso.

Tazama pia

Mafia (kisiwa)
Jahazi
Ngalawa
Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia