Kompyuta ya Karani

Karani wa shule katika mtaa wa Rwambuzi, mjini Bunia, ameketi mbele ya kompyuta. Tangu asubuhi anaandika majina ya wanafunzi na pointi zao za mtihani. Amefika jina la 120. Mara umeme unakatika, na kioo kinakuwa cheusi. Je, umeme ukirudi atayakuta majina yale?

Kwanza tazama vyombo vyenyewe. Watu wengi wa Bunia huiita mashine hii ordinatere, kwa neno la Kifaransa. Kibodi ni ubao wenye vitufe vya herufi. Kipanya husukumwa mezani kwa mkono; kilipewa jina hilo kwa sababu ya mwili wake mdogo na waya wake ulio kama mkia, ingawa siku hizi vingine havina mkia. Skrini ni kile kioo. Wengine hudhani kwamba kioo ndicho kompyuta. Sivyo, kioo huonyesha tu.

Kazi hufanyika ndani ya sanduku. Humo mna prosesa, kipande kidogo kinachofanya hesabu zote. Mna pia kumbukumbu za namna mbili, na jibu la karani limo humo. Ya kwanza huitwa RAM. Hiyo ni kama ubao mweusi wa darasani: huandikwa upesi na kusomwa upesi. Lakini RAM hushika maneno kwa nguvu ya umeme tu. Umeme ukitoka, yote yanafutika. Ya pili ni diski. Hiyo ni kama daftari: ni polepole zaidi, lakini yaliyoandikwa hubaki hata mashine ikizimwa.

Kila anachoandika karani huenda kwanza ubaoni. Akitoa amri ya kuhifadhi, kompyuta hukinakili katika daftari. Ikiwa alihifadhi alipofika jina la 100, amepoteza majina 20. Ikiwa hakuhifadhi hata mara moja, huenda akaanza tena jina la kwanza. Programu nyingine huhifadhi zenyewe kila baada ya dakika chache, lakini si zote.

Orodha ikiisha, karani anaweza kuipeleka kwa mkurugenzi bila kuinuka kitini. Waya hutoka katika kila kompyuta na kuingia katika kisanduku kiitwacho swichi. (Jina ni lile lile la swichi ya taa, lakini kazi ni nyingine.) Kila kompyuta ina namba yake, kama nyumba za barabarani, nayo swichi hupeleka habari kwa mwenye namba. Kompyuta zilizoungwa hivyo ni mtandao.

Kisanduku kingine, ruta, ni lango la kutokea nje. Huunga mtandao huo mdogo na mitandao ya dunia nzima, yaani intaneti. Habari hupita kwa waya, au kwa mnara wa simu, au kwa antena ya sahani inayoelekea setilaiti, ambayo huenda iko juu kilomita 36,000 hivi.

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ya Kongo iliamuru intaneti ikatwe nchini. Ilirudi Januari 2019, baada ya siku karibu 20. Lango la nje lilifungwa, lakini waya za ndani hazikuguswa. Ofisi yenye swichi yake iliweza bado kupeleka orodha kutoka meza hata meza, mradi umeme ulikuwapo.