KUPATA NAFUU SI KUPONA: MAELEZO KUHUSU DAWA ZA SHINDIKIZO LA DAMU

Wananchi wa Unguja na Pemba, pamoja na watumishi wa Serikali, wanakumbushwa kwamba shindikizo la damu ni maradhi ya muda mrefu, na dawa zake kwa kawaida hutumiwa maisha yote. Maelezo haya yanatolewa ili mgonjwa na watu wa nyumbani kwake wafahamu kwa nini dawa hizo haziachwi.

Wagonjwa wengi hawahisi chochote shindikizo linapopanda. Mtu hutumia dawa miezi michache, akipimwa akaonekana yu sawa, hudhani amepona, akaacha. Ukweli ni kwamba kipimo kimeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi. Dawa hizo huyazuia maradhi, haziyaondoi. Zikiachwa, shindikizo hupanda tena kimyakimya, na huenda dalili ya mwanzo ikawa ni kiharusi: mtu aliyelala mzima akaamka amepooza upande mmoja, hawezi kusema. Moyo, figo na macho navyo hudhurika.

Tatizo hili si letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, wanaofuata ipasavyo matibabu ya maradhi ya muda mrefu ni kiasi cha nusu tu ya wagonjwa. Kwa hiyo mgonjwa asigombezwe, bali asaidiwe kwa njia zifuatazo:

(a) Dawa ifungamanishwe na jambo la kila siku, kama vile Sala ya Alfajiri au chai ya asubuhi, na mtu mmoja wa nyumbani apewe dhamana ya kuulizia.

(b) Akisahau dawa ya siku moja, asinywe za siku mbili kwa pamoja.

(c) Baadhi ya dawa huleta kikohozi kikavu, uvimbe wa miguu au kukojoa mara kwa mara. Asiziache wala asiazime za jirani. Arudi kwa daktari, kwani zipo nyengine. Akitumia dawa za miti shamba, naye daktari aelezwe.

(d) Kabla ya Ramadhani aonane na daktari, ili nyakati za dawa zipangwe baina ya futari na daku.

(e) Anayesafiri, au anayekwenda kambi ya karafuu, achukue dawa za kumtosha hadi kurejea.

(f) Dawa zikikosekana au fedha zikipungua, asigawe vidonge ili vifike mbali. Amweleze daktari mapema.

Wakuu wa kazi wanaombwa kuwapa ruhusa watumishi wao siku za kliniki, na masheha wanaombwa kuyafikisha maelezo haya katika shehia zao. Asiye na uhakika wa matumizi ya dawa zake afike kituo cha afya kilicho karibu naye, akiwa amezichukua zote.