Watakatifu na vikaratasi vyao

Mwanafunzi wa historia ana haki ya kumwuliza mwalimu wake: twajuaje kwamba Wakristo wa kale waliwaheshimu watakatifu, ilhali masimulizi ya maisha yao yamejaa maajabu? Kwa maoni yangu, jibu lililo bora limetoka jaani.

Kuanzia mwisho wa mwaka 1896, Waingereza wawili, Grenfell na Hunt, walichimba majaa ya mji wa kale wa Oxyrhynchus nchini Misri, wakafukua maelfu ya vipande vya karatasi za mafunjo, mmea uo huo uotao kandokando ya Ziwa Victoria. Miongoni mwavyo imo ratiba ya ibada za miezi mitano ya mwaka 535 na 536, ikitaja makanisa yenye majina ya watakatifu. Vimo pia vikaratasi vya maombi kwa Mungu wa Mtakatifu Philoxenus. Mmoja auliza kama Anup apelekwe katika hospitali ya mtakatifu huyo. Mwingine ataka kujua kama ajihusishe na shughuli za benki. Swali liliandikwa mara mbili, kwa ndiyo na kwa la, ili kipande kimojawapo kitolewe kuwa jibu. Vyote viwili vimepatikana! Hakuna mtunzi wa visa vya miujiza hapo; yupo mtu mwenye wasiwasi wa riziki yake.

Kwetu, Wakristo waliouawa Mombasa mwaka 1631, katika uasi wa Sultani Yusuf bin Hasan, waliandikiwa ushahidi wa kiapo huko Goa. Ushahidi huo waeleza walivyokufa. Aliyewaomba baadaye, na alichoomba, si mambo ya baraza la kiapo.

Hapa Buruburu, jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zina watakatifu wasimamizi wao, na makatibu huandika mahudhurio, michango na nia za sala: karo, kazi, mgonjwa aliyelazwa. Maswali yale yale ya Oxyrhynchus! Lakini daftari likijaa, aghalabu huishia kwa mwuza karanga. Mchanga mkavu wa Misri ulihifadhi yaliyotupwa; mvua ya Nairobi haina huruma hiyo.

Walimu wa historia na wa elimu ya dini wangeweza kuwatuma wanafunzi kuziomba daftari kuukuu, kwa idhini ya jumuiya na siri za watu zikilindwa, ziandikwe tarehe na kuwekwa katika maktaba ya parokia. Hata zile za michango ya mazishi.