Nilivuka Mpaka Kuulizia Boriti

Nyumba aliyotuachia nyanya yetu katika Mji wa Kale, Mombasa, ina dari ya boriti za mikoko kama nyumba nyingi za mtaa huo. Masika iliyopita kipande cha dari kiliangukia kitanda ambacho, kwa bahati njema, hakikuwa na mtu. Ndugu zangu wakasema ibomolewe, isimamishwe ghorofa ya saruji yenye maduka chini. Mimi nikawaomba wangoje. Nilitaka kwanza niende Unguja nikatazame wenzetu wanafanya nini, kwa kuwa Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe yale yale, chokaa ile ile na miti ile ile. Hakuna aliyekubali kufuatana nami, basi nikafunga safari peke yangu.

Basi lilinitoa Mombasa alfajiri. Lunga Lunga tukagongewa mihuri, na upande wa pili, Horohoro, nikaonyesha pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Msomaji anayefikiria safari hii asiisahau kadi hiyo. Tukapita Tanga, nikalala Dar es Salaam, na asubuhi meli ya mwendo wa kasi ikanifikisha Unguja kwa muda wa saa mbili hivi.

Kituko cha kwanza kilikuwa cha lugha. Nilimwuliza kijana mmoja ndia ya kwenda Malindi, maana huko nako kuna mtaa wa jina hilo. Akatabasamu. "Njia, mjomba? Wewe wa Mombasa wewe!" Ama kwa hakika alinishika pabaya. Sisi wa Mvita tunasema ndia, nti na mato. Wao wanasema njia, nchi na macho, na chao ndicho kilichoingia vitabuni. Na uchungu zaidi ni kwamba mkutano wa mwaka 1928 uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa, mlangoni petu kabisa! Nilimeza mate nikafuata njia.

Nilianzia Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883 mbele ya bahari. Wengi wetu tumelijua kwa picha, na nguzo zake za chuma na mnara wake wa saa. Jumba hilo lilistahimili mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha. Nilisimama pale kitambo. Ikiwa jumba la kifalme, ndani ya mji ulioandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000, limeweza kuanguka, nyumba ya nyanya yangu ina nani?

Jibu nililipata kwa fundi mmoja mzee, niliyemkuta akipiga lipu katika uchochoro wa nyuma ya Sokomuhogo. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza shida yangu. Hakuniuliza habari ya mawe. Aliniuliza, "Mwanangu, juu mmeezeka nini, na kuta mmezipaka nini?" Nikamwambia bati, na kuta tulizipaka saruji miaka kadhaa iliyopita ili zipendeze. Akatikisa kichwa.

Alinieleza kwa utaratibu, huku mwiko ukiendelea kufanya kazi. Jiwe la matumbawe hunywa maji, na chokaa huyaachia yakatoka polepole kwa jua na upepo. Ukiliziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani ya ukuta, nao huzifuata boriti pale vichwa vyake vilipoingia. Boriti huoza kwenye ncha, mahali usipopaona. Katikati inaonekana nzima mpaka siku inapoanguka. Kwa hiyo mbomoe lipu ya saruji, akasema, mrudishe chokaa iliyolowekwa ikaiva, mzibe paa, kisha ndipo mbadilishe boriti zilizooza, moja moja. Nikamwuliza gharama. Akacheka, akasema chokaa si ghali, ghali ni subira.

Sidhani kwamba Waunguja wana subira kuliko sisi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, zikagawiwa familia nyingi kwa pamoja, na nyumba ya wengi haina mwenye kupanda juu ya paa. Mamlaka ya kuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na bado nilihesabu mapengo kadhaa mahali paliposimama nyumba. Siku hizi nyingine zimegeuzwa hoteli. Zimepona, lakini mwenyeji hupita nje tu.

Jambo jingine lilinisumbua Mkunazini, mahali lilipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Palijengwa kanisa kuu la Kianglikana, na ndani amezikwa Askofu Steere, yule aliyeandika sarufi ya Kiunguja. Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watumwa wenye minyororo shingoni. Ukitoka hapo ukaitazama milango ile ya nakshi na njumu za shaba, huwezi kuitazama kama ulivyoitazama asubuhi. Karafuu na watumwa ndivyo vilivyoilipia sehemu kubwa ya fahari ile. Nyumba yetu ni ndogo, lakini sijui mawe yake yalibebwa na nani, wala nyanya hakupata kutusimulia.

Jioni nilikaa Forodhani na bakuli la urojo. Mama muuzaji aliponiuliza kama kwetu upo, nikajibu kwa kiburi kidogo kwamba kwetu tuna viazi karai. Kwa haki, urojo wake ulishinda.

Niliporudi, kabla ya kufungua mkoba, nilipanda ngazi na bisibisi nikaanza kuchoma vichwa vya boriti za chumba cha nyanya. Ziko 14. Tano ziliingia bisibisi kama mkate. Ndugu yangu mkubwa alinitazama kutoka chini, akanyamaza, kisha akaniuliza chokaa inauzwa wapi.