Taabu ya Kushuka Longonot

Wakazi wa Nairobi na Nakuru ambao Jumamosi alfajiri hukutana, jamaa na marafiki, wakiwa na chupa za maji na viatu vipya, ili wauzunguke ukingo wa shimo la volkeno la Mlima Longonot na kurejea makwao kabla ya jua kuchwa, huwa na hofu moja, nayo ni ya kupanda. Huulizana kama pumzi zitatosha na kama moyo utastahimili. Ni nadra kumsikia aulizaye habari ya kushuka, ilhali katika kushuka ndimo misuli inamodhurika, na ndimo aghalabu watu wanamoanguka.

Hofu yao si ya bure. Mlima huo wa Bonde la Ufa, ulio karibu na Naivasha, una kimo cha meta 2,776, na mgandamizo wa hewa katika upeo wake, paitwapo Kilele Ngamia, haufiki robo tatu ya ule wa Mombasa. Oksijeni ni sehemu 21 katika 100 kama ilivyo pwani, lakini hewa yenyewe imekuwa nyepesi, na moyo hauna budi kwenda mbio ili kufidia upungufu huo. Mkazi wa Nairobi, aishiye katika kimo cha meta 1,700 hivi, mwili wake umekwisha kuzoea sehemu ya taabu hiyo. Atokaye pwani usiku wa kuamkia safari hajazoea kitu, na mwendo wa kumfaa ni ule unaomruhusu kuzungumza na mwenzake pasi na kukatwa na pumzi.

Kutoka langoni hadi ukingoni ni kilometa tatu hivi, na duara la ukingo ni kama saba. Kuelekea kilele njia hupungua upana, hata shimo likawa upande huu na bonde upande wa pili, na ardhi yake ni jivu la volkeno lililolegea, ambalo nyayo za miaka mingi zimelichimba likawa mfereji. Hapo mtu huparamia kwa mikono na miguu, akishika mizizi na mawe mepesi yanayong'oka kiganjani, na vumbi la kijivu likimjaa puani na katika soksi. Kisha, maadamu njia ni ya duara, sharti ateremke juu ya jivu lilo hilo.

Katika kupanda, misuli ya mapaja hukaza huku ikifupika. Katika kushuka hukaza huku ikinyooshwa, kwani kazi yake sasa ni kuuzuia mwili usiporomoke. Na kazi ya namna hii ina jambo la ajabu, nalo ni kwamba hugharimu nguvu chache mno. Mwaka 1952, huko Uingereza, wataalamu Abbott, Bigland na Ritchie waliziunganisha baiskeli mbili kwa mnyororo, migongo ya wapandaji ikielekeana, mmoja akikanyaga mbele na wa pili akimpinga. Ikadhihirika kwamba mpingaji alitumia oksijeni kidogo sana kuliko mwenzake, hata mwanamke mdogo wa umbo akaweza kumchosha mwanamume mkubwa bila ya taabu. Na hapa ndipo penye hadaa ya mteremko: moyo umetulia, pumzi ni za raha, na mtu hudhani amekwisha kupumzika, kumbe nyuzi za mapaja yake zinachanika moja baada ya moja, na magoti yanaanza kulegea pale penye jivu la kutelezesha.

Maumivu yenyewe hayaji siku hiyo. Huanza kesho yake, hukithiri baina ya saa 24 na 72, na mtu akashuka ngazi za nyumbani kwa kushika ukuta. Wengi husingizia asidi itokanayo na kazi ya misuli, lakini asidi hiyo huondoka muda mfupi baada ya mtu kupumzika; tangu mwaka 1902 mtaalamu Hough wa Marekani alikuwa amekwisha kutaja kuchanika kwa nyuzi. Mwenye kuumwa asikimbilie vidonge vya diklofenaki akiwa bado amekaukiwa na maji, kwani figo zaweza kudhurika. Na akiona mkojo umekuwa mweusi mfano wa soda ya kola, aende hospitali siku iyo hiyo, bila ya kungoja.

Kwa sababu hizi naona si haki kikundi kuongozwa na mwenye nguvu kupita wote, anayefika mwanzo, akapumzika, kisha akainuka mara tu anapofika wa mwisho, ambaye hivyo hunyimwa pumziko analolihitaji kuliko wote. Mnyonge na atangulizwe, hasa katika kushuka, na mzoefu akae nyuma kabisa.

Tena mwili hujifunza upesi. Mteremko mmoja wa wastani, hata usioumiza sana, huikinga misuli kwa majuma kadhaa dhidi ya mteremko mkali zaidi. Kwa hiyo wanaokusudia Longonot mwezi ujao watafanya vyema kwenda kwanza milima ya Ngong majuma mawili kabla, na huko wazingatie zaidi kushuka, kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo.